Muhogo Kwenye Ndoo ya Rangi

Nina ugonjwa wa kuuliza. Mama alikuwa akisema nikikosa mtu nitauliza ukuta. Ndiyo maana nilipohamia Abu Hamour, huku Uarabuni, na kusikia kuna kundi la WhatsApp la watu wa Afrika Mashariki wanaopanda mboga kwenye ndoo, niliomba kuingizwa siku hiyo hiyo, wala sikuwa na udongo hata wa kujaza kikombe.

Lilikuwa kundi tamu. Wageni tuliuliza, wazoefu wakajibu. Kwa nini mchicha wangu umelala kama mlevi? Udongo wa dukani unatosha, au nichanganye na mchanga? Nyanya zinatoa maua halafu yanapukutika, zimerogwa? Aliyejibu kuliko wote alikuwa mlinzi mmoja Mkenya, mtu mzima, anayekaa mtaa wa Najma. Sote tulimwita Mzee. Swali lolote ulilomuuliza, naye alianza kwa kukuuliza: "Maji umetoa wapi?" Maana kosa letu wageni lilikuwa moja. Unatoka kazini mchana wa Julai, unafungua bomba la maji baridi, unamwagilia kwa mapenzi yote, kumbe tangi liko juu ya paa limechomwa na jua tangu asubuhi, na wewe umechemsha mizizi. Mzee alitufundisha kuteka alfajiri na kuiacha ndoo ndani, kwenye kiyoyozi. Mchicha wangu wa kwanza niliupika kabla haujafika jikoni, kwa hiyo somo hilo lilinikaa.

Mwenzangu wa chumba, dada wa Mtwara ninayefanya naye usafi hotelini Lusail, hakutaka mchicha. Alitaka kisamvu. Alipotoka likizo alikuja na kijiti cha muhogo ndani ya khanga, akakichomeka kwenye ndoo tupu ya rangi pale roshani, chini ya kamba ya nguo. Nilimcheka sana. Kijiti kikachipua, kikawa mti. Kila asubuhi aliusalimia kabla ya kunisalimia mimi.

Siku moja mlinzi wa jengo letu alikuja kutazama bomba linalovuja. Akauona muhogo, majani yamejitandaza vidole vidole, akarudi nyuma. Akapiga picha. Hatukuwa na lugha moja ya kutosha, kwa hiyo alitueleza kwa ishara: vidole viwili mdomoni, anavuta, kisha viganja pamoja, amefungwa pingu. Msimamizi wa kampuni yetu angekuja kesho yake jioni, naye angemwonyesha.

Mwenzangu akakaa sakafuni palepale. Hapa bangi si mzaha. Ukishikwa nayo ni jela, na ukitoka jela ni ndege ya kwenu. Nyumbani kwao kuna mama mgonjwa anayemtegemea yeye tu.

"Dada, niung'oe?" aliniuliza.

"Thubutu! Picha ameshapiga. Akikuta ndoo tupu si ndiyo atasema tumeficha?"

Nikaweka picha kwenye kundi, nikauliza: jamani, mtu anatofautishaje muhogo na bangi?

Kimya. Kundi ambalo ukiuliza habari ya vidukari unajibiwa kabla hujaweka simu chini! Niliona wamesoma. Wawili wakajitoa kabisa. Nilikasirika, nikaanza kuandika tusi, halafu nikaelewa. Atakayejibu atakuwa amekubali mbele ya watu kwamba anaijua.

Jioni simu ikalia. Ni Mzee. Nikaweka spika ili mwenzangu asikie.

"Madam, hiyo kitu mimi siandiki kwa group," alisema. "Lakini sikiza. Angalia kando ya jani. Ya bangi iko na meno, kama msumeno. Ya muhogo ni laini tu. Halafu vunja kikonyo. Muhogo itatoa maziwa. Hiyo ingine haina."

Tukavunja. Likatoka tone jeupe, zito. Mwenzangu akacheka huku machozi yanamtoka.

Nami, na ugonjwa wangu, nikauliza: "Mzee, wewe umeyajuaje haya?"

Akajibu: "Kwetu ilikuwa inakaa katikati ya mahindi. Sisi watoto ndio tulikuwa tunapalilia. Babangu alifungwa juu yake, akafia huko ndani. Umetosheka?"

Nikamwambia nimetosheka. Sikuwa nimetosheka hata kidogo, lakini safari hiyo niliufunga mdomo.

Kesho yake tulimsubiri msimamizi, majani mkononi, maneno tumeyapanga. Hayakuhitajika. Alikuwa Mhindi wa Kerala, na kwao muhogo wanaula na samaki. Aliutazama mti, akamtazama mlinzi, akacheka mpaka akashika ukuta. Akatuambia tu tusogeze ndoo isizibe njia ya maji. Nikamsindikiza hadi kwenye lifti, nikimuuliza wanaupika vipi.

Niliporudi, mwenzangu alikuwa ameshaandika kwenye kundi. Furaha ilimzidi. Alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru Mzee wetu, "ambaye anaijua bangi tangu utotoni, na ndiye aliyetuokoa." Akapamba na maua na mikono ya dua.

Nilimpokonya simu. Tukafuta, lakini watu walikuwa wameshasoma. Mmoja alishaandika, "Kumbe Mzee ni mtaalamu!" na vicheko chini yake. Humo kundini kulikuwa na walinzi wa kampuni yake, wanaosimama naye geti moja. Chai yangu haijapoa, Mzee akawa amejitoa. Nilimpigia, hakupokea. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi, maana mwenzangu alidhani anamsifu mtu.

Ijumaa tukaenda Najma, nikauliza watu hadi tukafika mlangoni kwake. Mwenzangu alikuwa amechuma majani yote, akayatwanga, akayapika kwa nazi ya kopo. Yalijaa kopo moja la mtindi. Mzee alitufungulia akiwa na sare ya kazi. Alimsikiliza mwenzangu akiomba radhi mpaka mwisho. Akasema hana kinyongo, kazini bado hawajamwita kumhoji, anangoja. Akalipokea kopo kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akachungulia ngazi, juu na chini, akatuomba kwa upole tusije tena kwake.