Mkarafuu Ulioonja Damu

Juzi niliona kwenye simu video ya fundi akianguka kutoka mnara wa simu. Jumatatu naanza kazi ya minara, nikashindwa hata kula. Nikakumbuka alasiri ile ya utotoni kijijini Mtambile, harufu ya karafuu mbichi, tawi alilokuwa akichuma mjomba likakatika, naye chini, mfupa wa paja umetokeza.

Walipompeleka hospitali, niliamini mkarafuu ule umeshaonja damu na utataka zaidi. Mama akajifunga kanga kiunoni, akashika tawi.

“Mama, mti huu utakula na wewe.”

“Una meno huu? Mie n'nayo.” Akatafuna karafuu moja, akapanda.

Sasa najua miti haili watu, matawi hukatika tu, na hilo linanitisha zaidi. Lakini Jumatatu napanda, na karafuu yangu mdomoni.