Mama na Mfereji wa Bustanini

Mama yangu hakujua likizo. Kwake, siku isiyo na jembe ilikuwa siku ya matanga au ya ugonjwa. Nilipoanza kazi ya ualimu, mwishoni mwa miaka ya tisini, niliapa kumpumzisha siku moja tu, kutwa nzima, asiguse kazi. Likizo ya Agosti ilipofika, nikamtoa kwetu Mwala, kiangazi kimekaza, nikampeleka kwenye bustani moja ya mimea yenye maporomoko ya maji, upande wa Kyanzavi. Alivaa kitambaa cha kanisani na viatu vilivyombana.

Nilikuwa na furaha ya mtoto mdogo. Nilimsomea kila kibao: mchikichi huu, okidi hii, mianzi ile. Alinijibu kwa kuguna. Tulipofika kwenye maporomoko, manyunyu yakitupiga usoni, nikasubiri ashangae. Wala hakuinua kichwa. Macho yake yalikuwa njiani, ambapo maji yaliyofurika kutoka kidimbwini yalikuwa yamechimba mfereji na kuteremka na udongo mwekundu.

"Hii udongo inaenda hivi na watu wanaangalia tu?" akauliza.

Nikamwambia hapa si kwetu, tumekuja kutazama maua. Akavua viatu, akanipa nimshikie.

Maisha yake yote Mama alikuwa katika mwethya, kikundi cha wanakijiji wanaosaidiana kazi, leo kwako, kesho kwangu. Walikuwa wamejenga vizuizi vya mawe kwenye makorongo yote ya kwetu. Mazoea yana taabu. Kabla sijamaliza kumsihi alikuwa ameinama, akipanga mawe kukingama mfereji, makubwa chini, madogo juu. Wageni waliokuwa wakipigana picha wakampisha. Nilitamani ardhi inimeze. Tena nilimkasirikia, kusema kweli: siku moja tu nimemwomba, na hiyo pia ameiharibu.

Mtunza bustani akaja mbio, reki mkononi. Nikajiandaa kuomba radhi. Alimtazama Mama, akayatazama mawe, kisha akamwamkia kwa Kikamba na kumuuliza kama lile jiwe bapa lisingefaa zaidi pale chini. Mama akamwambia alilete. Wakafanya kazi bega kwa bega kama waliozaliwa boma moja, nami nimesimama na viatu vya Mama mkononi. Mwishowe nikaviweka kando, nikakunja sketi, nikaenda kutafuta mawe.

Tulipomaliza, maji yalitulia nyuma ya ukuta wetu na udongo ukaanza kubaki. Mama akanawa mikono, akaketi juu ya mwamba, akatumbukiza miguu kidimbwini. Ndipo akainua uso, akayatazama maporomoko kuanzia juu mpaka chini, taratibu.

"Haya," akasema, "sasa nionyeshe hayo maua yako."

Nikamwonyesha yote, tangu mwanzo. Jioni kengele ya kufunga ililia, na mimi niliyemleta kwa kumvuta ndiye niliyembembeleza ainuke.