Mguu wa Tambarare

Gogo walilokuwa wakilipasua mbao huko Mbebe liliteleza, mwaka wa hamsini na mbili, likamponda Mbonile kifundo cha mguu wa kulia. Majirani wakasema ana bahati, angeweza kufa. Bahati gani, kwa mtu anayeishi kwa kulima mteremko?

Kwanza walimpeleka Ikinga kwa fundi wa kuunga mifupa, akafungwa vipande vya mianzi na majani ya dawa. Mfupa ukaunga, ndiyo, lakini upande. Kila akikanyaga, maumivu yalimpanda hadi kwenye meno. Misimu miwili ikapita mkewe, Aida, akilima peke yake, na Watson, mdogo wake Mbonile, akaanza kuja kusaidia pale mpakani mwa mashamba yao. Kila msimu msaada wake ulisogea ndani kidogo.

Hapo Mbonile akakubali machela, wakambeba hadi hospitali ya misheni. Daktari Mzungu akampapasa, akamweleza kupitia kwa dresa, mhudumu wake wa vidonda: ama aukate mguu, ama aiunganishe mifupa iwe kitu kimoja. Maumivu yangeisha, ila kifundo kisingekunjika tena maisha. Mbonile aliuliza jambo moja tu, kama atalima.

"Utatembea," daktari akajibu.

Mbonile akaona mtu anayetembea atashindwaje kulima, akakubali. Na kweli, plasta ilipotolewa alitembea bila fimbo juu ya sakafu ya saruji, ukuta hadi ukuta, wagonjwa wenzake wakapiga makofi. Daktari yule alikuwa mtu mwema. Sakafu ndiyo aliyoijua.

Nyumbani, mguu usiokunjika ukakataa kilima. Akipanda, kisigino kinaning'inia. Akishuka, unamsukuma mbele. Akaanguka katikati ya matuta, akainuka, akaanguka tena, Watson akimtazama huku ameegemea jembe. Hakucheka. Heri angecheka.

"Kaka, nenda Kamsamba kwa dada Ruti," Watson akasema kwa upole. "Kule ni tambarare. Mguu wako ni wa kule."

Aida alikuwa akipanda maharage, hakuinua kichwa. Mbonile alipoondoka, yeye alibaki, maana watoto wangekula nini? Shamba likabaki naye, na Watson akabaki na shamba.

Sasa Mbonile anafukuza ndege kwenye mpunga wa shemeji yake, katika joto asilolizoea hadi leo. Watu wa Kamsamba humsifu kwamba amepona vizuri, hata hachechemei.

"Nimepona," huwajibu. "Mguu huu unanifikisha kila mahali, isipokuwa kwangu."