Mtamba Niliyemwandikia Mama Asiye Wake

Siku ya kwanza kazini nilifika shambani Biharwe saa moja asubuhi nikiwa na kalamu tatu mfukoni, kwa kuogopa kwamba mbili zingekauka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, na makazi yangu yalikuwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kazi ya kutunza daftari la ukoo wa ng'ombe nilikuwa nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima. Meneja, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, alinitazama toka juu hadi chini.

"Wewe najua ng'ombe, ama najua karatasi tu?"

"Vyote, Afande." Nusu ya jibu ilikuwa uongo.

Shamba lile lilifuga ng'ombe wa pembe ndefu waliotokana na kundi la mugabe, mfalme wa zamani wa Ankole. Mkuu wa wachungaji, tuliyemwita Muzee, alisema baba yake alikama maziwa ya ikulu. Ufalme ulipofutwa, aliondoka na ng'ombe wachache, na kwao zikatoka koo nne, kila moja ikibeba jina la ng'ombe wake wa kwanza. Gaju wa kwanza alikuwa wa hudhurungi nyepesi, pembe nyeupe kabisa. Alitangulia kundi zima likirudi kutoka malishoni, na mchungaji aliyempita alikaripiwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika mama na baba wa kila ndama, fahali asije akampanda binti yake, na ukoo usipotee.

Sasa niungame. Mwaka wangu wa pili nilikwenda Nakivale siku tatu kwa uhakiki wa karatasi za ukimbizi. Niliporudi, Gaju wa mwisho alikuwa amekufa akizaa. Nikamwona ndama jike akinyonya kwa Mayenje, ng'ombe wa madoa wa ukoo mwingine. Nikaandika: Gaju amekufa, ukoo umekwisha. Mayenje, ndama jike. Rangi ya ndama, hudhurungi nyepesi, nilidhani ameitoa kwa baba. Sikumuuliza mtu, maana swali lingeonyesha kwamba sijui. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Miaka miwili baadaye Afande alitaka kupunguza kundi. Akafungua daftari langu. "Ukoo ya Mayenje iko mingi. Huyu mtamba aende." Mtamba ni jike ambaye hajazaa bado. Mnunuzi wa nyama kutoka Kabingo angemchukua mchana huo.

Muzee alipoambiwa amfunge kamba, alinigeukia. "Gaju anaenda kwa buca?"

"Huyu ni wa Mayenje, Muzee."

Alicheka, kisha akaacha. Ndama wa Mayenje alizaliwa mfu wiki ile ile, akaeleza. Yeye alimchuna, akamvika yatima wa Gaju ile ngozi, akaipaka chumvi. "Mayenje alilamba, akakubali kutoa maziwa. Kila mtoto ya hapa najua hiyo. Wewe naandika nini?"

Nakiri nilifikiria kuchana ukurasa, niunakili upya, nidai Afande alisoma vibaya. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Kisha nikasikia lori langoni. Nikaenda kwa Afande na daftari wazi.

"Afande, miye njo nilikosa. Huyu mutamba ni wa Gaju. Niliandika bila kuuliza, niliona haya."

"Ukoo mzima upotee, sababu uliona aibu?"

"Ndiyo, Afande."

Alitoka kumrudisha mnunuzi, nami nikamfuata nikifuta machozi. "Nimetoka Kabingo yote hiyo kuja kuona karani analia?" yule bwana alilalamika.

"Hata mimi nataka kulia. Njoo unywe maziwa."

Kisha akaniambia, "Kesho saa ya kukama unaanza na Muzee. Kalamu inabaki ofisini." Miezi mitatu nilisikiliza tu, na nilijifunza kuliko miaka yote ya vitabu.

Mwaka jana niliondoka, kazi ikachukuliwa na mjukuu wa Muzee aliyesomea Mbarara. Majirani hapa Nakivale, ambako nawasaidia wafugaji kutunza daftari za mbuzi, wananiita mstaafu wa miaka ishirini na minane. Wanacheka, nami nacheka nao. Bado nanakili ukurasa mara mbili nikiona doa. Sijapona.

Wiki iliyopita Muzee alinipigia simu. "Gaju amezaa. Jike."

Nilivuta karatasi na kalamu. Alisikia karatasi, akacheka.

"Haya, uliza."

Nikauliza mpaka salio lake likaisha.