Differansiele ya Gari ya Kaka

Mnicheke kwanza, nitawaelewa. Marehemu kaka yangu Patrick alituachia gari yake ya mbio, na Mama alitaka itupeleke kwenye misa ya kumaliza kilio. Mimi, mwenye diplome ya mekanike, sikulala kwa wasiwasi: je, differansiele, ile inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma, bado ni nzima? Ile ya Patrick hairuhusu gurudumu moja la nyuma lizunguke ovyo. Likikosa mshiko, nguvu huenda kwa lile jingine lililo chini. Hayo niliyajibu vizuri hata kwenye mtihani.

Hata hivyo, asubuhi ya misa nikainua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, nikaingia, nikawasha injini, nikatia vitesi ya kwanza nisikie kama litazunguka hewani.

“Papa, unafanya nini tena?” Mama, aliyezoea kuniita Papa, alipaza sauti kutoka chumbani. “Tunachelewa!”

“Nahakikisha tu, Mama.”

Gurudumu lililokuwa chini likasukuma, kama nilivyoandika kwenye mtihani. Gari ikaruka kutoka kwenye kriki, ikagonga ukuta wa mawe ya volkano.

Mama alitoka mbio, kitenge kipya kikimfunguka, akaukamata mlango wa dereva.

“Patrick! Patrick wangu!”

Nikainua uso kutoka kwenye usukani, akaona ni mimi.