Mugomba Uliongojea Filme

Hii habari hamutaiamini, na siwalaumu. Mimi niko mutu ambaye nikisema mvua inanyesha, watu wa Mpofi wanatoa mukono nje kwanza. Lakini hii ya Léontine haina hata nafasi ya kuongeza chumvi. Ilinifikia ikiwa imejaa.

Jina langu ni Léopold. Darasa la ine nilimaliza. La tano lilinikimbia, na mimi sikimbilii kitu kinachonikimbia. Hiyo haikunizuia kuwa mwenye sauti kubwa kuliko zote kati ya Masisi na Walikale, kwa sababu mimi njo mwenye ciné ya Mpofi: nyumba ya mbao, shitingi ya plastiki juu, televizyo moja, jenereta moja yenye kukohoa, na mikro mukononi mwangu. Filme zinakuja na Kiingereza, Kichina, Kifaransa; mimi ninazitafsiri papo hapo kwa Swahili. Kichina sikijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mutu akifa mu filme na nikaona watu wamehuzunika sana, ninawaambia alipelekwa hospitali akapona. Wanarudi kwao wakicheka. Ni munganga gani anaponyesha wengi kama mimi?

Léontine ni bibi ya Thierry, na Thierry ni mutoto wa kaka yangu marehemu. Kwa hiyo ananiita Papa mudogo, na hapo njo heshima yake kwangu inapoishia. Alizaliwa Walikale, binti wa muwindaji wa nyavu. Anashona. Siku tulipokimbia watu wa bunduki alibeba mashine yake ya kushona ku kichwa na akaacha sufuria. Tulimucheka njia nzima. Tuliporudi hakukuwa na sufuria hata moja mu kijiji, na sisi wote tulikuwa na suruali zilizopasuliwa na miiba. Tukapanga foleni mbele ya muke tuliyemucheka. Mimi alinishona wa mwisho, makusudi, nikiwa nimesimama na gunia kiunoni.

Thierry alikuwa mwalimu wa shule ya musingi, kijana murefu, mupole, asiyefanana na mimi kwa kitu chochote isipokuwa pua. Alikuwa na kitabu kimoja kinene, cha Kifaransa, ambacho padiri mumoja alimuachia wakati wa kuhama. Siku ya Yenga, watu wakitoka ku misa, alikuwa anakisoma kwa sauti huku Léontine anashona, na kumufasiria kwa Swahili. Majirani walianza kuleta viti. Hata mimi, mwenye ciné, nilikwenda kupeleleza yule mushindani wangu asiyekuwa na jenereta.

Kitabu kilisema hivi. Kuna mulima wenye mufalme ndani yake, na ule mufalme anachukua watu barabarani ili wamubebee mawe ya mwangaza chini ya udongo. Siku moja anachukua bwana ya muke mumoja, jina lake Orvane. Orvane anakataa kulia. Anafunga chumvi mu kitambaa na kwenda kumutafuta. Mulima una milango, na kila mulango unamuomba kitu: wa kwanza jina lake, wa pili kivuli chake, mwengine sauti yake. Anatoa, anapita. Anatoa, anapita. Hakuna mutu wa Mpofi aliyeuliza kama habari ya namna hiyo inawezekana. Tunaishi hapa.

Walipofika ku mulango wa mwisho, kusoma kukakatika. Mama Mukasine, mama ya Thierry, alikuwa na maharagwe yaliyokauka mu shamba letu la zamani kule milimani Masisi, na macho yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na ukungu. Thierry akasema ataenda kuyavuna. Akatia kitabu mu mufuko wake.

"Acha kitabu," Léontine alimuambia.

"Nikikiacha utasoma mwisho bila mimi."

"Basi niambie moja tu. Bwana yake anatoka ao hatoki?"

Thierry akacheka. "Mwisho bila njia yake si mwisho, mama. Ngoja nirudi."

Hakurudi. Watu wa bunduki walimukamata njiani ili abebe mizigo yao. Mutu mumoja aliyetoroka kwao alituambia alimuona ku muto, muguu umevimba, gunia mugongoni, wengine wakimusukuma. Baada ya ule muto hakumuona tena. Hiyo njo habari yote tuliyo nayo. Nimeitafsiri mara nyingi mu kichwa changu, na hata mimi sijaweza kuifikisha hospitali.

Sasa, kwetu mutu akipotea na mwili wake usionekane, ukoo unakata mugomba. Unachagua wenye urefu wake, unauvika nguo yake, unaulilia, unauzika kama mutu. Mukatekista anajua, siku hiyo anakuwa na safari. Bila hiyo, marehemu anazunguka tu pembeni ya nyumba, hajui kama yuko mugeni ao mwenyeji.

Maharagwe yalipandwa na kuvunwa tena, ndipo Mama Mukasine akatuita. Alikuwa amekonda kama fimbo yake.

"Léontine, mutoto wangu, nguvu iko inaniisha. Nataka nimulilie mutoto wangu mbele nikufe. Mugomba niko nao, ule wa nyuma ya jikoni. Nilipapasa na mikono, iko na urefu yake. Wewe leta shati."

Lile shati, la rangi ya majani, Léontine alilishona yeye mwenyewe kwa siku ya ndoa yao. Lilikuwa limebaki ku kamba siku Thierry alipoenda.

"Mama, siwezi kuvalisha muti shati ya mutu mwenye iko anatembea."

"Anatembea wapi?"

"Sijue. Lakini mi sijazika."

"Unafikiri mimi namuchukia?"

"Hapana, Mama."

"Basi?"

Mimi nikasema neno la kuchekesha, silikumbuki. Hakuna aliyecheka, na sisi wenye ciné tunajua kuheshimu ukumbi.

Ni radio njo ilituletea wazimu mupya. Mutangazaji wa Kifaransa alisema, kati ya habari za vita na za mupira, kwamba kile kitabu kinatengenezwa filme huko Ulaya. Léontine aliacha mashine ikizunguka peke yake. Aliingia kwangu bila kupiga hodi.

"Papa mudogo, ile filme ikitoka, utaipata?"

"Mimi? Filme zingine ninazipata mbele hazijatengenezwa!"

"Niko nasema kweli."

"Nitaipata."

Akaenda moja kwa moja kwa mukwe wake, akapiga magoti, akamuambia mapatano yake mbele yangu. Tungojee filme. Bwana ya Orvane akitoka mu ule mulango, hakuna wa kugusa mugomba, tunaendelea kumungojea Thierry. Asipotoka, yeye mwenyewe ataleta shati.

"Unatia mutoto wangu mu mikono ya Wazungu wenye hawamujui?" Mama Mukasine aliuliza.

"Ninamutia mu hadithi yenye alianza yeye mwenyewe. Alikuwa anajua mwisho, Mama. Alicheka. Mutu anaweza kucheka vile kama mwisho ni mubaya?"

Muzee yule akapapasa fimbo yake. Kisha akasema: "Lakini iende mbio. Mugomba haingojei."

Alisema kweli. Ule mugomba ulikuwa umekwisha kuzaa. Mwenye shamba yeyote anajua kwamba mugomba ukizaa unakatwa, maana hauzai tena. Ukiuacha unaoza umesimama. Tulikata mukungu wa ndizi tukala, tukaacha shina. Likaanza kuinama upande wa jikoni. Likianguka peke yake, basi hakuna mapatano tena: wazee wanasema marehemu amejilaza mwenyewe, na ukoo unazika siku ileile. Léontine alikuja na nguzo, akaliegemeza. Kisha nguzo ya pili. Nilimukuta asubuhi moja akilifunga kwa vipande vya kitambaa, kama vile mutu anavyofunga muguu uliovunjika.

"Utamushonea na kaptula?" nilimuambia.

"Nikibakiza kitambaa nitakushonea wewe kifuniko cha kinywa."

Hivyo njo tulivyongojea. Christian, motari anayeleta bidhaa na pikipiki kutoka Walikale, alitokea siku moja na telefone yenye bande-annonce, kile kipande kifupi wanachotoa mbele ya filme ili kukutia njaa. Watu walijaa juu ya telefone kama nzi ku kidonda. Léontine aliangalia mpaka betri ikazima, na hakufurahi.

"Kanzu ile haina haki ya kuwa na mikono," alisema. "Mulango wa pili ulimunyanganya mikono ya kanzu pamoja na kivuli. Na mushono wa bega ni wa mashine. Orvane alishona kwa sindano ya mufupa."

"Dada, ni filme tu," Christian akamujibu.

"Na mikono yake! Angalia zile kucha. Huyu hajabeba hata ndoo ya maji."

"Kama unataka, ninaweza kutafuta mwisho ku internet. Ni maneno mbili."

Alimuangalia hivi kwamba yule kijana alivaa kofia yake na kuwasha pikipiki, na mizigo hajashusha.

Lakini usiku na muchana kijiji kizima kiligawanyika. Wengine walisema bwana anatoka, wengine hatoki, na hakuna hata mumoja aliyekuwa akisema juu ya Orvane. Mama Mukasine alikuwa anaulizia filme kila kukicha, kama watu wanavyoulizia njia kama iko wazi. Njia haikuwa wazi. Kulipigwa risasi upande wa Masisi, pikipiki hazikupita, mvua ikakula daraja. Mugomba ukapata nguzo ya tatu. Ukiukaribia, ulikuwa unanuka kama pombe iliyoharibika.

Christian aliifikisha filme ku flash moja ndogo nyekundu. Nilinyoosha mukono. Léontine akanitangulia, akaitia uzi, akaivaa shingoni.

"Papa mudogo, nakujua. Utaiangalia mbele, utengeneze uongo yako mapema."

"Mimi!"

"Wewe. Itaonekana Yenga kisha misa, na wewe utaiona pamoja na sisi."

Basi, kwa mara ya kwanza mu maisha yangu, niliingia ciné bila kujua nitasema nini. Ukumbi ulijaa mpaka watoto walikaa mapajani kwa watu wasiowazaa. Mvua ilipiga shitingi, jenereta ikakohoa, na ile sauti ya Kifaransa haikusikika hata kidogo. Kulikuwa na mikro yangu tu. Mbele kabisa, ku benchi, alikaa Mama Mukasine, uso umegeuzwa kwangu wala si ku televizyo. Kwake picha ilikuwa mudomo wangu. Léontine alikaa kando yake, amemushika mukono, amejifunga kitenge cha misa.

Nilifanya kazi nzuri, mungeniona. Nilikuwa Orvane, nilikuwa mufalme, nilikuwa milango. Mulango ulipochukua kivuli, nilinong'ona, na mutoto akalia. Mama Mukasine alikuwa anatikisa kichwa: "Njo vile, njo vile. Alinisomea hii." Filme ikafika mahali Thierry alipoachia. Hakuna aliyekohoa isipokuwa jenereta.

Mulango wa mwisho ukafunguka. Orvane amesimama mbele yake, hana jina, hana kivuli, hana sauti. Ndani ni giza. Tukangojea. Kisha mutumishi wa mufalme akatoka, mutu mudogo mwenye majivu usoni, akaweka chini kiatu kimoja cha mwanaume. Akarudi ndani. Mulango ukaanza kufungwa, polepole, na yule muke akapiga magoti akachukua kile kiatu, akakifuta kwa nguo.

Nilinyamaza. Mimi, Léopold.

"Léopold?" Mama Mukasine akaita. "Nini iko inafanyika?"

Nilishusha mikro.

"Léopold! Mulango imefunguka, umesema. Anatoka?" Alikuwa amesimama, fimbo imeanguka. Yule mama aliyetuita ili tukate mugomba, sasa mikono yake yote miwili ilikuwa mbele, kama vile mutu anayetaka kupokea. "Mutoto wangu, anatoka?"

Nikainua mikro.

"Anatoka, Mama!" nilisema. "Njo huyu! Anatoka, muzima, anacheka! Muguu yake imepona! Iko na gunia ya maharagwe mugongoni, na kitabu mu mufuko, na nyuma yake kuko watu elfu, elfu kumi, wote wenye walichukuliwa barabarani, wanapiga ngoma, na ule mulima mwenyewe unapiga magoti, na anaita, Mama, anaita jina yako, anasema ame—"

"Papa mudogo," Léontine akasema, bila kupandisha sauti, "pale hakuna mutu. Zima. Mama, keti kwanza. Naenda kuleta shati."