Udongo Mweupe wa Krismasi

Saa nane kasoro dakika tano mchana, Jumatatu ya wiki ya Krismasi iliyopita, fundi wa rangi aliniuliza kama ukuta wa mbele wa nyumba yangu nautaka mweupe au wa krimu. Nilikuwa nimetazama saa kwa sababu alichelewa kurudi kutoka chakula cha mchana. Nikamwambia mweupe. Akafungua debe, akakoroga kwa kijiti, akaanza kupaka. Mimi nikabeba kiti nikaenda kukaa nyuma, upande wa migomba, na sikurudi mbele mpaka alipomaliza.

Kama ulikulia upande wetu wa Khwisero, unajua nyumba zilipata wapi weupe wake kabla rangi ya debe haijatufikia. Kama ulikulia kwingine, kaa nikueleze, kwa sababu sasa tuliobaki wa kueleza si wengi.

Krismasi yetu ilianza na kinyesi cha ng'ombe. Shule zikishafungwa, mama alitutuma zizini asubuhi na karai, tukaokota kilichokuwa bado kibichi, tukakikoroga kwa maji na majivu ya jikoni. Kwa mchanganyiko huo tuliziba nyufa za ukuta na kulainisha sakafu. Mikono ilinuka hata baada ya kuoshwa kwa sabuni, na ukikata tonge la obusuma, ugali wetu, jioni, harufu ilikuwa hapo hapo puani. Hakuna aliyelalamika. Harufu ya chapati ingekuja baadaye, ikiwa imebeba moshi na mafuta ya kupikia, lakini ya kwanza ilikuwa hiyo.

Mambo mengine yalifuata kwa utaratibu wake. Jogoo wa Krismasi alifungwa mguu kwa kamba chini ya ghala, akawa analishwa mahindi na kutukodolea macho. Fundi cherehani alishona gauni za wasichana wote wa boma kutoka kitambaa cha jora moja, na kipande kilichobaki kikawa pazia, hata ukiketi karibu na dirisha ulikuwa huonekani vizuri. Nyasi kavu zililetwa zikatandazwa sebuleni, ili binamu wa kutoka mjini walale chini pamoja nasi. Jioni ngoma za isukuti zilisikika kutoka kanisani, vijana wakifanya mazoezi, wakikosea mahali pale pale kila siku.

Kazi ya mwisho, na ndiyo iliyotazamwa na kila mpita njia, ilikuwa ukuta wa mbele. Chini ulipakwa mstari mweusi wa masizi. Juu ya huo mstari ukuta wote ulitakiwa kuwa mweupe, na weupe ulitoka mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa kijito kilichotenganisha shamba letu na la jirani.

Jirani huyo alikuwa mzee aliyewahi kukata miwa kwa kibarua, kisha akaanza kupanda ya kwake. Alipanda mpaka ukingoni kabisa. Tabaka la udongo mweupe lilikuwa chini ya miwa yake, na ingalikuwa rahisi kulichimba kutoka juu, lakini hakuna mwanamke aliyetaka kuharibu mimea ya mtu kwa ajili ya kupamba ukuta. Kwa hiyo walichimba kutoka pembeni, kwenye usawa wa maji, wakiingia ndani kidogo zaidi kila Desemba. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, pale palikuwa tayari pamekuwa chumba. Uliingia kwa kuinama, na ndani watu wazima watatu waliweza kuchuchumaa. Akina mama walijivunia kwamba hawajawahi kuvunja muwa hata mmoja wa yule mzee. Naye mzee hakuwahi kuwakataza kuja. Kila upande ulikuwa unamheshimu mwenzake.

Miaka mingi baadaye nilijitafutia vitabu vya udongo, nikavisoma peke yangu jioni baada ya kazi. Ukweli wake ni mfupi. Mvua ya Novemba huingia kupitia mizizi, udongo wa juu unakuwa mzito, na huku chini kilichokuwa kikiushikilia kimeshaondolewa. Mwaka ule miwa ilikuwa imepita umri. Zamu ya mzee ya kukatiwa na kiwanda haikuwa imefika, na miwa ilirefuka mpaka ikaanza kuinamia kijito.

Mtu aliyejua ukuta kuliko wote bomani alikuwa senge. Hivyo ndivyo tunavyomwita dada ya baba. Alikuwa ameolewa, akarudi, na alikuwa anaishi katika nyumba ya nyanya bila kumweleza mtu kilichotokea kule. Alichora kwa vidole na kwa kibunzi cha mahindi, maua na majogoo yenye mikia mirefu kupita kiasi. Mama na yeye waliitana mulamwa, kama mawifi wa kwetu wanavyoitana, na walikuwa wakichokozana tangu asubuhi mpaka wakati wa kulala.

Baba alikuwa mlinzi Mombasa. Krismasi mbili zilikuwa zimepita bila yeye kuja, na pesa zilikuja mara moja moja. Watu walikuwa wameanza kumwambia mama, kwa upole ule unaoumiza, kwamba Mombasa kuna wanawake wengi. Kisha Desemba ile akatuma habari kwa dereva wa lori la kijijini kwetu kwamba safari hii anakuja, atafika mkesha wa Krismasi. Mama aliposikia aliendelea kupepeta maharagwe. Senge ndiye aliyesimama.

Siku moja kabla ya baba kufika, tabaka la kwanza la udongo lilikuwa limekauka ukutani. Lilikuwa limechanganyika na udongo mwekundu wa mdomoni mwa lile shimo, na rangi yake haikuwa nyeupe hasa. Mama alirudi nyuma hatua chache akaangalia.

"Mulamwa, hiyo imetosha," alisema. "Nyumba ni nyeupe."

"Nyeupe wapi? Hiyo ni rangi ya uji. Ndugu yangu atafikiri tumepikia ukuta."

"Wacha afikiri. Mtu amekula Krismasi mbili kwa hoteli za Mombasa, ndio aje hapa kuchagua rangi?"

"Ndio maana," senge alisema. "Nataka asimame hapo kwa mlango aone aibu. Akiona aibu atarudinga kila mwaka."

"Wewe unapendanga aibu za watu."

"Za huyo tu. Lete karai."

Tukateremka kijitoni sisi watatu. Senge aliingia ndani na jembe dogo lililokatwa mpini. Mama alibaki mdomoni kupokea, na mimi nikawa nabeba mpaka juu kwenye njia na kumwaga kwenye gunia. Udongo wa ndani kabisa ulitoka mweupe kweli, laini, baridi mkononi. Sauti ya senge ilitufikia ikiwa nzito, kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

"Huku ni unga wa ngano mtupu. Mulamwa, huyo bwana yako utampikia chapati kutoka kwa ukuta."

"Atoke meno."

"Atoke. Si ni yake? Leta karai ingine."

Mama aliinama kumsukumia karai. Hapakuwa na kishindo. Ilikuwa sauti ya gunia la mahindi linapoangushwa sakafuni, kisha miwa yote ya ukingoni ikalala kuelekea kwenye maji. Mama alisukumwa akaketi ndani ya kijito, karai bado likiwa mikononi mwake. Mahali palipokuwa na mlango palikuwa na udongo mwekundu na majani ya miwa.

Mama alipiga ukemi, na watu wakaja. Wanaume walikuwa kanisani wakijenga kivuli cha ibada ya Krismasi, kwa hiyo walikuwa na majembe na mapanga tayari. Walichimba kutoka mbele, na kila walichotoa kilijazwa tena kutoka juu. Hatimaye mmoja wao, mchimba visima, akasema kwamba kwa njia hiyo hawatamfikia, lazima waingie kutoka juu, palipo na miwa iliyobaki imesimama. Wakapanda mbio. Walipofika kwenye miwa wakasimama.

"Hii ni ya mzee," mmoja alisema.

"Yuko wapi?"

"Ameenda soko na baiskeli."

"Basi mtoto akimbie amwite. Tukikata bila yeye itakuwa kesi."

Usiwahukumu haraka. Katika nchi ya miwa, shamba la mtu ni karo ya watoto wake, na lilikuwa limeandikishwa kiwandani. Kukata miwa ya mwenzako bila kibali kulikuwa kumewapeleka watu kwa chifu, na wengine mbele zaidi ya chifu. Hawa walikuwa watu wema. Mtoto akatumwa mbio, nao wakabaki pale wakiwa na mapanga mikononi, wakitazama njia ya soko. Hakuna aliyepima walisimama kwa muda gani. Mimi nakumbuka ulikuwa mrefu. Waliotuzunguka baadaye walisema ulikuwa mfupi sana.

Mama alipanda ukingo akiwa amelowa, udongo mweupe umemfika kwenye viwiko. Hakuuliza. Alichukua panga kutoka mkononi mwa mwanaume wa kwanza aliyemkuta, akaanza kukata. Alikata vibaya, katikati ya shina, kama mtu anayefyeka magugu. Miwa mitano sita ilipoanguka ndipo wanaume walipoingia, na baada ya hapo hakuna aliyesimama tena.

Mzee alifika wakiwa wameshafungua uwanja na kuanza kuchimba. Alitupa baiskeli kando ya njia, sukari ya Krismasi ikamwagika kutoka kwenye mfuko. Alitazama miwa iliyolala, akatazama watu.

"Mlikuwa mnaningoja mimi?" aliuliza.

Alivua koti, akashuka shimoni kuchimba pamoja nao.

Jua lilikuwa bado juu walipomfikia senge. Alikuwa ameketi, magoti yamekunjwa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Alikuwa mweupe kuanzia kwenye nywele. Wanawake walimwosha kwa maji ya kijito kile kile, wakarudia mara nyingi, lakini udongo uliobaki chini ya kucha haukutoka, wakauacha.

Kesho yake alasiri baba alifika. Alikuja kwa miguu kutoka stejini, na begi moja, mkate na mchele kwenye mfuko wa karatasi. Kutoka barabarani aliona watu wengi uani na moshi wa sufuria kubwa, na nyumba ikiwa imepakwa upya. Alifikiri Krismasi imeanza mapema. Alikuja akitabasamu, akimpungia mkono kila aliyemtambua. Watu walimpisha njia, mpaka akafika mlangoni, na hapo ndipo nyanya alipomwambia. Alisimama mlangoni, mkono mmoja ukutani, kwenye ile rangi ya uji, muda mrefu sana.

Jogoo alichinjwa kwa ajili ya waombolezaji. Chapati zilipikwa kwa sababu unga ulikuwa umeshanunuliwa. Tulimzika senge tukiwa tumevaa zile gauni za kitambaa kimoja, kwani hatukuwa na nguo nyingine nzuri, na vijana wa isukuti walipiga mazishini midundo waliyokuwa wameiandaa kwa ibada ya Krismasi. Mahali walipokuwa wakikosea kila jioni, siku hiyo hawakukosea.

Ukuta haukumalizwa. Ukingo ulizibwa kwa miiba, na Desemba iliyofuata wanawake wakawa wananunua chokaa dukani, wale wenye uwezo. Wasio na uwezo waliacha ukuta ulivyo. Baadaye zikaja nyumba za matofali, na sasa hata kinyesi cha ng'ombe ni cha shambani tu. Wajukuu wangu wanafika usiku wa mkesha, wanalala kwenye magodoro, na asubuhi wanauliza kama kuna chaji. Wanapenda Krismasi, sisemi hawaipendi. Ila hakuna mkono wao uliokwenda mahali popote katika nyumba hii. Nikiwaeleza kuhusu kibunzi cha mahindi na majogoo yenye mikia mirefu wanasikiliza kwa adabu. Hakuna picha hata moja ya kazi ya senge. Kila Desemba aliifuta mwenyewe ili aanze upya, na ile ya mwisho mvua ya Novemba ilikuwa imeshaifuta.

Baba alirudi kila Krismasi tangu mwaka ule mpaka alipokufa. Hakukosa. Alikuwa anafika mkesha, alasiri, na anaingia kwa mlango wa jikoni.

Kabla ya kurudi Mombasa mara ile ya kwanza, alimwendea mzee shambani. Nilikwenda naye kwa sababu hakuwa anapenda kutembea peke yake siku hizo. Mashina yaliyokatwa vibaya yalikuwa yameanza kukauka.

"Nimekuja kulipa miwa," baba alisema.

"Miwa gani, kijana wangu? Rudisha pesa yako kwa watoto."

"Watu walisimama hapa, mzee. Nataka tu kujua ilikuwa ya pesa ngapi."

Mzee akazunguka kile kipande kilichofyekwa, taratibu, akikadiria uzito wake kwa macho kama alivyofanya maisha yake yote, akatoa mbolea, akatoa gharama ya trekta. Aliposema, alisema akiangalia chini. Baba akahesabu noti kutoka kwenye pesa za sikukuu, akamwekea mkononi, na mzee akazipokea.

Zilikuwa shilingi mia tatu na arobaini.